Jiko la Roketi katika Pwani ya Mlingotini

Katika kijiji cha Mlingotini, kilichoko kilomita kama 10 kusini ya mji wa Bagamoyo, ukishayapita magofu ya Kaole na chuo cha uvuvi cha Mbegani, kazi za mchana huongozwa na bahari, wanaume wakiwa katika ngalawa na mashua zao na wanawake wakiwa katika mashamba ya mwani ndani ya ghuba iliyozungukwa na mikoko; lakini kazi ya jioni haingoji maji kupwa wala kujaa, nayo ni kuwasha moto wa chakula. Moto huo aghalabu huwashwa baina ya mafiga matatu, katika banda la makuti lililo uani, na kuni zake ni matawi ya mkorosho na mwembe, makumbi na vifuu vya nazi, makarara yaliyoanguka yenyewe, na mara nyingine, kinyume cha sheria, fito za mkandaa na msinzi zilizokatwa huko huko mikokoni. Mwanamke aliyeshinda majini akifunga mbegu za mwani kwenye kamba huinama tena mbele ya moshi, macho yakimtoka machozi, na mtoto aliye mgongoni huvuta pumzi ile ile anayoivuta mama yake.

Kwa ajili ya jioni hiyo nimeazimia kueleza hapa habari za jiko la kuni ambalo mafundi wa nchi nyingi hulitaja kwa jina la jiko la roketi, jiko ambalo mtu yeyote mwenye mikono miwili na udongo mzuri aweza kujijengea nyumbani kwake, maadamu amefahamu kwa nini kila kipimo chake kimewekwa kama kilivyowekwa. Katika nchi za baridi wamelikuza hata likawa chombo cha kupashia nyumba joto wakati wa theluji. Nyumba ya Mlingotini haina haja hiyo, kwani hata mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma usiku kucha, shuka moja yatosha. Ila haja ya kupika kwa kuni chache na bila ya kuumia kifua iko pale pale mwaka mzima, na hikima inayopasha joto chumba cha Mzungu ndiyo hiyo hiyo inayochemsha nazi ya Mwafrika.

Sharti kwanza msomaji ajue moshi ni kitu gani. Ukuni hauungui kwa namna ambavyo wengi hudhani, yaani mti wenyewe kushika moto moja kwa moja. Ukipata joto, hutoa kwanza maji yaliyomo ndani yake kuwa mvuke, na kadiri maji hayo yanavyoendelea kutoka, sehemu kubwa ya joto hupotea katika kuyafukuza. Kisha, joto likizidi nyuzi 200 na kuelekea 300, mti huanza kuvunjika na kutoa hewa za namna mbalimbali pamoja na lami nyepesi, na hewa hizo ndizo zinazowaka na kufanya ndimi za moto tunazoziona. Na mwisho wake hubaki kaa jekundu, linaloungua polepole bila ya ndimi. Zaidi ya nusu ya nguvu za ukuni imo katika hizo hewa. Basi zikikutana na joto la kutosha, nyuzi 600 au zaidi, na zikapata hewa safi ya kuchanganyika nayo, na zikapewa wasaa wa kuungua kabla ya kupoa, karibu zote huteketea na kugeuka mvuke na hewa ya ukaa isiyo na rangi wala harufu. Lakini zikikosa moja katika mambo hayo matatu, hupanda juu zikiwa zimeungua nusu, na huo ndio moshi. Ni dhahiri, basi, kwamba moshi unaotia masizi kwenye makuti ya banda ni kuni zilizotafutwa mbali, zikabebwa kichwani, zikapasuliwa kwa shoka, kisha zikatupwa angani kabla ya kufanya kazi iliyokusudiwa.

Sisemi haya kwa kuyadharau mafiga. Mpishi hodari, akiwa na kuni kavu na akizisogeza kidogo kidogo, huweza kuuongoza moto wa mafiga ukawaka safi kuliko majiko mengi yanayouzwa madukani. Tena mafiga hayana gharama, hukubali sufuria ya kila ukubwa, huhamishwa kufuata kivuli na upepo, na hayavunjiki. Taksiri zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba upepo huyaingia kutoka kila upande ukaupoza moto, na moto uliopozwa hutoa moshi. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba joto huponyoka kutoka kila upande, hata ikawa katika mafungu 10 ya joto lililotoka katika ukuni, fungu moja au moja na nusu tu ndilo linaloingia katika chakula, na mengine yote humwendea mpishi usoni, au ukuta, au ndege warukao.

Watu wa kwanza waliokusudia kuziondoa taksiri hizi walifanya jambo ambalo kila mtu angelifanya, yaani waliuzungushia moto udongo mwingi. Mwezi wa Februari 1976 tetemeko kubwa la ardhi liliibomoa sehemu kubwa ya nchi ya Guatemala, na katika kazi za kuwasaidia wananchi wake likabuniwa jiko la udongo na mchanga lililoitwa Lorena. Miongoni mwa walioshughulika nalo alikuwa Ianto Evans, mzaliwa wa Wales aliyehamia Marekani. Lilikuwa jiko pana, zito, lenye kupendeza macho, na dohani yake ilitoa moshi nje ya nyumba, kwa hiyo lilienezwa katika nchi nyingi. Lakini kuni zilipowekwa katika mizani na maji yakachemshwa kwa kipimo, ilibainika kwamba aghalabu halikuokoa kitu, na mara nyingine lilikula kuni nyingi kuliko moto wa mawe matatu. Sababu yake ni kwamba udongo mzito hunywa joto. Zile kuta nene, kabla ya kuipa sufuria haki yake, zilijishibisha zenyewe kwanza, na chakula kilipokuwa tayari joto lote lililohifadhiwa ukutani lilibaki hapo bila ya mtu wa kulitumia.

Fundisho hilo ndilo lililozaa jiko la roketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha Aprovecho kilichoko jimbo la Oregon, mhandisi Larry Winiarski aliligeuza wazo zima, akasema kwamba kinachopasa kuuzunguka moto si kitu kizito bali ni kitu chepesi chenye vishimo vingi vya hewa, kisichopokea joto wala kulipitisha, ili moto ukae katika chumba kidogo chenye joto kali sana, hewa zote zimalizike kuungua humo humo, na hewa ya moto ipelekwe kwa nguvu ikaipapase sufuria kwa karibu. Afrika ya Mashariki nayo haikuwa imelala. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa nishati mpya mjini Nairobi, na katika miaka hiyo mafundi wa Kenya walitengeneza lile jiko la mkaa la bati lenye udongo ndani, ambalo sasa limeenea katika miji yetu yote. Na katika miaka ya 2000 kanuni za Winiarski ziliingizwa katika majiko ya udongo ya vijiji vya Uganda. Lakini jiko la mkaa halimfai mtu wa Mlingotini anayepika kwa makumbi na matawi, maana mkaa nao ni mti, tena mti uliokwisha kupoteza nguvu zake nyingi katika tanuri la porini kabla ya kufika sokoni.

Sasa tutazame umbo lenyewe. Ndani ya jiko mna njia moja ya moto iliyopinda, ikianza kwa mdomo ulalao, ambapo kuni huingizwa kwa ncha zake, na kuishia kwa shingo isimamayo, ambamo ndimi za moto hupanda hadi kwenye sufuria. Kwa sufuria za nyumbani njia hiyo hutosha ikiwa na upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 12, na shingo iwe na urefu wa sentimita 30 hivi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda kwa nguvu zaidi kadiri inavyopata kimo, na kule kupanda kwake ndiko kunakovuta hewa mpya kutoka mdomoni bila ya mtu kupuliza. Ndani ya mdomo huwekwa kichanja kidogo cha bati nene au cha vipande vya nondo, kuni zipite juu yake na hewa ipite chini yake, ili hewa hiyo ifike kwenye ncha zinazowaka ikiwa imekwisha kupata joto. Atakayekipuuza kichanja hiki, akazijaza kuni mdomo mzima, atapata moshi mwingi kuliko ule alioukimbia.

Ipo hesabu moja ambayo ningependa kila fundi wa kijiji aijue kwa moyo. Njia ya moto isiwe nyembamba mahali popote, wala isiwe pana, tangu mdomoni hata inapotoka pembeni mwa sufuria. Eneo lake liwe moja. Njia ya sentimita 12 kwa 12 ina eneo la sentimita za mraba 144. Ukishafika juu, moto hutawanyika chini ya sufuria na kutoka pembezoni mwake; basi chukua uzi, upime mzingo wa sufuria, na ukipata sentimita 88, ambao ni mzingo wa sufuria yenye upana wa sentimita 28, gawa 144 kwa 88, utapata sentimita moja na sehemu sita za kumi. Hiyo ndiyo nafasi ya kuachwa baina ya ukingo wa jiko na kitako cha sufuria, na karibu hiyo hiyo iachwe baina ya ubavu wa sufuria na bati linaloizunguka. Nafasi ikizidi, hewa ya moto hupita katikati bila ya kugusa chombo. Ikipungua, moto hukosa pumzi na moshi hurudi mdomoni. Ni kipimo kidogo kuliko upana wa kidole gumba, na ndicho kinachotenga jiko lenye kuokoa theluthi ya kuni, au zaidi, na lile linalofanana nalo kwa sura tu.

Katika habari ya vifaa, mjenzi wa pwani yuko katika hatari ambayo vitabu vya Oregon havikuitaja. Jiwe lililo karibu naye ni tumbawe, jiwe lililojenga misikiti na makaburi ya Kaole na majumba ya Bagamoyo mjini, na hapana shaka kwamba ni jiwe adhimu. Lakini haliwezi kukaa katika chumba cha moto. Babu zetu walilirundika tumbawe juu ya magogo, wakalichoma, na likageuka chokaa. Na moto wa jiko la roketi, ukikolea, hufika joto la tanuu la chokaa. Tumbawe lililojengewa chumba cha moto litachomeka kidogo kidogo kila siku, na siku litakapopata unyevu wa masika litafura na kumomonyoka lote. Saruji nayo haivumilii joto hilo, hupasuka na kuwa unga. Udongo wa mfinyanzi ndio unaofaa, au udongo wa kichuguu, ambao mchwa wamekwisha kuuchambua, ukichanganywa kwa ujazo karibu sawa na unga wa mbao kutoka kwa maseremala, au vumbi la makumbi, au pumba za mpunga wa bonde la Ruvu. Hufyatuliwa matofali, yakaanikwa kivulini hata yakauke kabisa, kisha yakachomwa, na katika kuchomwa ule unga huungua na kuacha vishimo visivyohesabika, na tofali hutoka jepesi, nalo huzuia joto.

Kuta za nje hazina masharti. Zaweza kujengwa kwa udongo wa kawaida, hata kwa tumbawe, kwa kuwa moto hauzifikii. Baina ya kuta hizo na matofali ya ndani hujazwa majivu makavu yaliyochungwa, na hakuna kizuizi cha joto kilicho rahisi kuliko hicho, maana kila jiko huyazaa lenyewe, na hapo kabla yalikuwa yakimwagwa. Mdomo wa jiko usielekezwe kwenye kusi wala kwenye kaskazi, pepo mbili zinazotawala mwaka wetu, ila upate ukuta wa kuukinga.

Lakini fundi akishakamilisha haya yote bado hajamaliza, kwa kuwa jiko ni la mpishi. Chukua wali wa nazi. Mpishi wa pwani, tui likishakauka, huufunika wali na kuupalia makaa juu ya mfuniko, na kupunguza moto wa chini, ili uive kwa joto la juu na la chini. Ilhali jiko la roketi, kwa kuwa kuni zake ni nyembamba na huungua hadi mwisho, huacha makaa machache mno. Mama atakayeletewa jiko hili bila ya kuulizwa ataona kwamba wali wake umeharibika siku ya kwanza, na siku ya pili atarudi kwenye mafiga, na atakuwa na haki. Dawa ipo, nayo ni vifuu: vipande viwili vitatu vya kifuu cha nazi vikitiwa mdomoni karibu na mwisho wa mapishi hutoa makaa makali, yanayotolewa kwa koleo na kupaliwa juu ya mfuniko, na joto lililobaki katika shingo hutosha kwa chini. Kadhalika ugali: anayeusonga hutumia nguvu za mabega, na sufuria iliyokaa juu ya vishikizo vidogo itapinduka, kwa hiyo vishikizo vitatu na vijengwe imara, na bati la kuzunguka lipigwe misumari katika udongo ungali mbichi. Ambaye hajawahi kusonga ugali wa watu kumi asisanifu jiko peke yake.

Wapo wazee wasemao kwamba moshi huyahifadhi makuti ya paa kutokana na wadudu, na neno lao ni la kweli. Paa lililopata moshi hukaa zaidi. Lakini paa la makuti hubadilishwa, na kifua cha mtoto hakibadilishwi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni, wengi wao wakiwa katika nchi kama zetu, kwa nimonia ya watoto, maradhi ya moyo na magonjwa ya mapafu.

Nimetaja kwamba jiko hili hupasha nyumba joto katika nchi za baridi, na wako Watanzania wanaohitaji habari hiyo, kwani Makete, Njombe na Lushoto zina usiku wa Juni na Julai ambao mtu wa Mlingotini asingeustahimili. Huko hesabu hugeuka nusu. Chumba cha moto hubaki chepesi vile vile, ili kuni ziungue zote, lakini hewa ya moto ikishatoka katika shingo haipelekwi nje upesi. Hupitishwa katika bomba refu lililozikwa ndani ya kibaraza cha udongo mzito na mawe, na kibaraza hicho hulinywa joto, kisha hulitoa polepole usiku kucha baada ya moto kuzimika, ilhali hewa iliyopoa hutoka nje kwa dohani. Udongo ule ule uliolaumiwa katika jiko la Guatemala hupata hapa mahali pake pa haki, na yule yule Ianto Evans ndiye aliyekuja kuueneza mtindo huu. Sharti lake lisilovunjwa ni dohani isiyovuja. Kila msimu wa baridi husikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wasiamke tena, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Na jiko la roketi lisilo na dohani lisilazwe ndani ya chumba cha kulala, hata kama halitoi moshi wa kuonekana.

Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wake wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa kwa ajili ya gesi, umeme na mfano wa hayo. Ni azma njema, nami naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Jiko la roketi si badala ya gesi, kwa maana moshi wake ni mchache lakini haukukosekana kabisa. Hata hivyo mtungi ukiisha katikati ya mwezi, na fedha ya mwani haijalipwa, kinachobaki katika nyumba nyingi za Mlingotini ni kuni. Na wakaangaji wa samaki, wenye makarai mapana yanayochemka tangu mashua zinaporudi, hawataziacha kuni kesho wala keshokutwa. Kila mzigo wa kuni unaookolewa katika jiko bora ni mkandaa unaobaki umesimama mikokoni, na samaki wachanga wa ghuba ile hukulia mizizini mwake.

Basi mwenye nyumba atakayeazimia kulijenga, na aanze masika yakishakwisha, udongo ukipata jua la kuukausha. Ajenge moja kwanza, alipe wiki tatu za kukauka kivulini kabla ya kulitia moto, atumie kuni zilizokauka na kupasuliwa nyembamba kama za unene wa vidole viwili. Na kabla ya kufyatua tofali la kwanza, amwombe mpishi wa nyumba hiyo amletee sufuria anayoitumia kila siku, aupime mzingo wake kwa uzi, na amsikilize kwa makini atakaposema anapika nini na anapikaje.